Tiketi ya mechi za AFLW hapa Adelaide: bei ndogo, mpira wa uhakika

Naanza na jibu kwa wale wasiopenda maneno mengi: kata tiketi, nenda, beba na watoto. Nyota nne na nusu kati ya tano. Hiyo nusu nimeikata kwa sababu nitakazozisema huko chini na wala sio kosa la wachezaji.

Haya, wenye muda tuendelee. AFLW ni ligi kuu ya wanawake ya mpira wa Kiaustralia, ule ambao mpira wenyewe umechongoka pande mbili, unapigwa kwa mguu na kwa ngumi, uwanja ni wa duara refu na goli lina nguzo nne bila nyavu. Mimi naishi Adelaide, upande wa kaskazini huku ambako kituo kimoja cha basi unasikia Kiswahili cha Kongo, Kirundi, na kile Kiswahili cha waliokulia makambini Kigoma, na wengi wetu tunakaa hapa miaka na miaka hatuugusi huu mchezo, tunasema ah ule ni mpira wa kugombana tu hauna sheria. Sheria zipo tena nyingi, na ukishazijua tatu nne hivi unaanza kupiga kelele na wenzako kama umezaliwa hapa. Ndio maana nimeona niandike, maana kila nikisema wikiendi naenda mechi ya wanawake naulizwa maswali yaleyale, bei gani, kuna nini huko, watoto hawatachoka?

Kununua tiketi hakuna usumbufu. Unaingia kwenye simu unachagua mechi unalipa, inakuja na alama yake ya kuskani getini basi. Watoto wanaingia bure. Mtu mzima analipa hela ndogo sana, ukiilinganisha na mechi ya wanaume pale Adelaide Oval utadhani wamekosea kuandika. Ligi ilipoanza 2017 kiingilio kilikuwa bure kabisa, na kulikuwa na watu wanasema hata bure hakuna atakayekuja kuwaangalia wanawake wakiangushana. Mechi ya kwanza kabisa ya ligi ilikuwa tarehe 3 Februari 2017, Carlton na Collingwood, uwanja wa Ikon Park Melbourne. Waliingia watu 24,568, mageti yakafungwa, wengine wakabaki nje barabarani, mpaka bosi wa wakati ule wa AFL, wale wanaoendesha ligi ya wanaume na hii ya wanawake, Gillon McLachlan, akatoka mwenyewe kuwaomba radhi waliokosa nafasi. Goli la kwanza la ligi likafungwa na Jasmine Garner wa Collingwood, ila Carlton ndio walioshinda siku ile, Darcy Vescio peke yake kafunga magoli manne. Kwa hiyo hili swali la kama kuna watazamaji lilijibiwa usiku wa kwanza kabisa.

Sasa kitu unachokinunua hasa ni ukaribu. Timu za hapa ni mbili, Adelaide Crows na Port Adelaide. Mechi nyingi hazichezwi kwenye ule uwanja mkubwa wa mjini, zinachezwa kwenye viwanja vya mitaani, Crows wanacheza sana Norwood Oval na Unley Oval, Port wanacheza kwao Alberton Oval ambako klabu ipo tangu 1880. Alberton unasimama kwenye uzio unaokufika kiunoni hivi, na mchezaji anakimbia mita mbili mbele yako. Kwenye runinga huwezi kupata hicho kitu. Unasikia mguu unavyoupiga mpira, lile puu zito, unasikia wanavyopigiana kelele wenyewe kwa wenyewe, geuka, nyuma yako, una muda, tulia. Mara nyingine mpira ukitoka nje mwamuzi wa pembeni anawapa mgongo wachezaji halafu anaurusha juu kwa nyuma kupita kichwa chake, watoto wangu hiyo walicheka mpaka basi wakawa wanaigiza nyumbani kwa mto wa kochi. Mabeki wengi wana vidole vimefungwa plasta nyeupe viwili viwili, na ikifika robo ya tatu ile plasta imeshakuwa rangi ya majani na udongo. Mchezaji akikabwa akaanguka karibu na uzio unasikia pumzi inavyomtoka, kisha anainuka anakimbia tena, na hapo ndipo unaelewa hii ni kazi, sio maonyesho.

Sheria kwa kifupi ili usikae kama mgeni. Kila timu ina wachezaji 16 uwanjani, wanaume wanakuwa 18. Mpira wao ni saizi 4, wa wanaume ni saizi 5. Ukipiga kwa mguu ukapita kati ya zile nguzo mbili ndefu za katikati ni goli, pointi 6. Ukipita kati ya nguzo ndefu na fupi ya pembeni unapata pointi 1, kwa hiyo ukikosa kidogo bado hujaondoka mikono mitupu. Mpira hautupwi kwa mkono, ukitaka kumpa mwenzako kwa mkono unaushika kiganja kimoja unaupiga ngumi kwa mkono mwingine. Ukiudaka hewani mpira uliopigwa kwa mguu ukasafiri angalau mita 15 haujaguswa na mtu, unapewa nafasi ya kupiga bila kubughudhiwa, na ndio maana wanarukiana mabegani. Hakuna ofsaidi. Mechi ni robo nne, na zinaisha kwa honi, sio kwa kipenga. Na ukiona uwanja mzima unapiga kelele "booool" kwa sauti ndefu ujue kuna mtu amekamatwa na mpira hakuuachia, mashabiki wanadai faulo. Hiyo mtoto anajifunza dakika ya kwanza.

Sasa nije kwenye kitu kinachonifanya nilipe hii tiketi kwa moyo mweupe, nacho ni historia ya mwanamke mmoja wa hapahapa Adelaide, Erin Phillips. Nikimleta mgeni uwanjani kabla honi haijalia huwa namsimulia huyu kwanza, maana ukimjua Phillips unaielewa ligi nzima.

Phillips kazaliwa Mei 1985. Baba yake ni Greg Phillips, beki mkubwa sana wa Port Adelaide, amechukua makombe na ile klabu mpaka jina lake ni heshima pale Alberton. Mtoto wa kike kakulia humo, na alikuwa anacheza na wavulana na kuwazidi. Alipofika miaka 13 akaambiwa basi, wasichana mwisho hapa. Hakuna ligi, hakuna timu, hakuna pa kwenda. Yaani kipaji kipo, baba ni gwiji, mtaa mzima unajua huyu binti anajua mpira, na mlango umefungwa kwa sababu moja tu kwamba ni msichana. Mimi nina binti, hii sehemu nikiisimulia huwa najisikia vibaya kila mara.

Akahamia mpira wa kikapu. Na huko hakwenda kupoteza muda, mwaka 2005 akachaguliwa na Connecticut Sun ya WNBA, ligi ya kikapu ya wanawake Marekani, 2006 akawa bingwa wa dunia na timu ya taifa ya Australia kule Brazil, 2008 akapata medali ya fedha Olimpiki ya Beijing. Akachukua ubingwa wa WNBA na Indiana Fever 2012 na tena na Phoenix Mercury 2014. Mwaka 2016 akaenda Olimpiki ya Rio. Mtu mwenye rekodi hiyo akistaafu anakaa nyumbani analea watoto wake na hakuna wa kumsema.

Halafu 2017 ligi ya wanawake ikaanzishwa, yeye ana miaka 31. Timu nane tu zilianza, na Port Adelaide haikuwemo, iliyokuwemo ni Crows. Hapa wenzangu wa Tanzania mtaelewa haraka, ni kama mtoto aliyezaliwa Jangwani, baba yake kaichezea Yanga maisha yote, halafu mlango pekee uliofunguka ni wa Msimbazi. Akaingia. Msimu wa kwanza huohuo Crows wakafika fainali, tarehe 25 Machi 2017 kule Gold Coast wakawafunga Brisbane pointi 35 kwa 29, Phillips akawa mchezaji bora wa fainali, na tuzo ya mchezaji bora wa msimu mzima akaichukua yeye. Miaka kumi na nane tangu aambiwe mwisho hapa! Fikiria angecheza tangu akiwa na miaka 18 ingekuwaje. Kile tulichokiona ni kipande cha mwisho cha kipaji chake, na kipande hicho peke yake kilitosha kumfanya bora kuliko wote.

Fainali ya 2019 ndio watu wa hapa hawaachi kuisema. Ilichezwa Adelaide Oval tarehe 31 Machi, Crows na Carlton, na waliokuja walikuwa 53,034. Watu elfu hamsini na tatu, mechi ya wanawake, mji wenyewe sio mkubwa kihivyo. Crows wakashinda 63 kwa 18. Lakini robo ya tatu Phillips goti likamgeuka, ligamenti ya mbele ikakatika, akatolewa kwa machela. Uwanja mzima ukasimama ukampigia makofi, mashabiki wa pande zote mbili. Nimeangalia kile kipande mara nyingi na bado sijazoea. Alikuwa ameshafanya kazi kubwa kiasi kwamba pamoja na kutomaliza mechi bado wakampa medali ya mchezaji bora wa fainali, na mwaka huo tena akachukua tuzo ya mchezaji bora wa ligi kwa mara ya pili.

Mtu wa miaka 33 anakatika ligamenti, wengi hapo ndio mwisho. Yeye akarudi. Aprili 2022 akabeba kombe la tatu na Crows, wakawafunga Melbourne 29 kwa 16, kisha mwaka huohuo ligi ikapanuliwa zikafika timu 18 na Port Adelaide hatimaye ikaingiza timu ya wanawake. Phillips akaenda nyumbani, akawa kapteni wa kwanza wa timu hiyo, miaka 37. Sasa kiushindani ile ilikuwa timu changa, walifungwa sana, kwenye mechi ya kwanza ya watani, Crows na Port, Crows waliwachapa vibaya mno. Ila mimi naona ule uamuzi wa kwenda Port ndio mkubwa kuliko makombe yote matatu. Angeweza kubaki Crows anashinda. Akaenda kuwafundisha mabinti wadogo wa Port jinsi ya kuvaa ile jezi, jezi aliyoambiwa hatavaa. Alistaafu mwisho wa msimu wa 2023.

Na aliyoyaacha unayaona ukienda Alberton leo. 2024 Port wakaingia hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza na wakabaki mechi moja tu kufika fainali. Kocha wao aliyewafikisha hapo ni Lauren Arnell, ambaye alikuwa kapteni wa kwanza wa Carlton ile 2017 na akachukua kombe na Brisbane 2021, huyu ndiye mchezaji wa kwanza wa zamani wa AFLW kuwa kocha mkuu kwenye ligi yenyewe. Upande wa Crows, Ebony Marinoff yupo tangu msimu wa kwanza, kazi yake kubwa ni kukaba, anakaba kama ana deni na kila mtu, na 2024 ndiye aliyechukua tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Ukienda Norwood mwangalie yeye peke yake robo moja nzima, usifuate mpira, mfuate yeye. Utaona anafika kila mahali.

Niseme na la hela maana watu wetu huwa wanauliza, hawa wanalipwa? Wanalipwa, ila safari imekuwa ndefu. 2017 wachezaji wengi walipata dola 8,500 za Australia kwa msimu, wale mastaa wachache ndio walipata 27,000. Ukilipwa hivyo lazima uwe na kazi nyingine, na walikuwa nazo, Daisy Pearce kapteni wa Melbourne alikuwa mkunga hospitalini, wengine walimu, wengine mafundi, wengine wanasoma. Unazalisha mama mchana jioni unaenda mazoezini. Mwaka 2022 ikapanda karibu mara mbili, kima cha chini kikatoka 20,239 kikafika 39,184, wa juu kabisa wakafika 71,935. Mkataba uliosainiwa 2023 unasema wastani unatoka dola 60,000 hadi 82,000 ikifika 2027. Ni hela nzuri, lakini ukiweka karibu na ya wanaume wa ligi hiyohiyo, kwenye klabu hizohizo, bado ni ndogo sana. Na goti likikatika linakatika kwa wote, tena kwa wanawake linakatika zaidi, hiyo sio siri. Kwa hiyo nikilipa ile tiketi sijisikii nimetoa msaada, najisikia nimelipia kazi ya mtu aliyeifanya vizuri kwa bei ambayo bado ni ndogo.

Kuna mwingine ambaye sisi watu wa Afrika Mashariki inabidi tumjue kwa jina, Akec Makur Chuot. Kazaliwa Sudan ya wakati ule, sasa ni Sudan Kusini, vita ikawakimbiza, wakaishi kambi ya Kakuma kule Turkana, Kenya, kisha 2005 wakaletwa Perth. 2017 akaichezea Fremantle, msimu uleule wa kwanza wa ligi, baadaye Richmond, halafu Hawthorn. Kama una mtoto aliyezaliwa Kakuma au Nyarugusu na anakaa hapa anaona huu mchezo ni wa watu wengine, mwonyeshe huyu dada. Kwa upande wa wanaume yupo Aliir Aliir wa hapahapa Port Adelaide, yeye kazaliwa Kakuma penyewe. Mechi ninazokwenda naona watoto wenye sura za kwetu wanazidi kuwa wengi, wengine wamekuja na timu zao za mtaani wamevaa jezi za mazoezi, na wazazi wao wamekaa pembeni na blanketi na chupa ya chai. Hii inanifurahisha kuliko matokeo.

Mapumziko ya robo, usiondoke kwenye uzio. Wachezaji wanakusanyika uwanjani, sehemu nyingine unaweza kusogea ukaona kocha anavyoongea na ubao wake. Na mechi ikiisha ndio kilele kwa watoto. Viwanja hivi vidogo wanaruhusu watu waingie uwanjani kupiga mipira yao, familia nzima nzima zinapigiana mipira kwenye majani ambayo dakika kumi zilizopita yalikuwa yanachezewa mechi. Wachezaji wanazunguka uzio wanasaini mipira, kofia, jezi, mikono, wanapiga picha, na hawana haraka. Binti yangu alimwuliza mchezaji mmoja kwa nini amefunga vidole, yule dada akainama akamwonyesha kidole kilivyopinda, akamwambia kilivunjika na bado anadakia, halafu akamuuliza wewe unacheza wapi? Hakumuuliza kama anacheza. Alimuuliza anacheza wapi. Wiki iliyofuata tulikuwa tunatafuta klabu, na kuna programu ya watoto ya Auskick ambayo ipo karibu kila mtaa, inaanza na watoto wadogo kabisa, wavulana na wasichana.

Sasa ile nusu nyota. Kwanza ratiba. Ligi hii wameihamisha hamisha, ilianza kuchezwa kiangazi Februari na Machi, 2022 wakacheza misimu miwili ndani ya mwaka mmoja, sasa inaanza Agosti inaisha Novemba. Maana yake mwanzo wa msimu unagongana na mechi za mwisho za wanaume na hatua yao ya mtoano, magazeti na runinga zote ziko huko, wanawake wanabaki na kona ya ukurasa. Halafu msimu ni mfupi. 2017 ilikuwa raundi 7, zimeongezwa pole pole, ila timu ni 18 na raundi hazitoshi kila timu kukutana na mwenzake, kwa hiyo kuna msimu unaisha hujaiona timu fulani kabisa. Mchezaji anajenga mwili mwaka mzima kwa ajili ya miezi mitatu. Waongeze mechi, watu tutakuja.

Pili muda wa mechi. Zipo nyingine wanaziweka katikati ya wiki jioni au Ijumaa saa ambazo mzazi anayefanya shifti kiwandani au kwenye nyumba za wazee hawezi kufika. Wanasema ni kwa ajili ya runinga. Sawa, ila watu wa uwanjani ndio wanaofanya mechi ionekane ina uhai kwenye hiyo runinga.

Tatu chakula. Kuna kibanda kimoja, jina naliacha, nilisimama foleni karibu robo nzima ya mechi, nilipofika chipsi zimeisha, nikapewa pai ya nyama nje ya moto ndani baridi. Pai na sosi ya nyanya ndio chakula cha mpira huu, hilo halikwepeki, lakini ipashwe moto jamani. Siku hizi tunabeba chapati na maharage kwenye vyombo vyetu, na mahali pengi getini hawasumbui ukiwa na chakula cha familia, chupa za glasi ndio hawataki. Tena jirani wa kwenye majani akiona chapati lazima aulize, na mazungumzo yanaanza hapo.

Nne, viti. Viwanja hivi ni vya zamani, jukwaa lenye paa ni dogo, wengi mnakaa kwenye majani au mnasimama. Mzee wako akija mfikishe mapema apate kiti. Kiti cha magurudumu uliza kabla siku haijafika, uwanja kwa uwanja unatofautiana.

Kwenye runinga je? Inaonyeshwa, na ukiwa mbali au mgonjwa angalia. Marudio ya polepole yanasaidia kuelewa kwa nini mwamuzi kapiga kipenga. Lakini kamera inafuata mpira, na uzuri wa mchezo huu upo pale ambapo mpira haujafika bado, unaona mchezaji ameanza kukimbia kwenda sehemu tupu sekunde tano kabla mwenzake hajapata mpira. Phillips alikuwa hatari kwa hilo. Angalia mechi zake za zamani utaona anafika kwanza halafu mpira unamfuata, hiyo ni akili aliyoitoa kwenye kikapu, kusoma nafasi. Akiwa na mpira akibanwa na watu watatu anageuka mara moja tu na tayari ametoka. Wapo wanaosema mpira wa wanawake una pointi chache. Ni kweli mechi nyingi zinaisha na pointi chache kuliko za wanaume, robo zao ni fupi na wanaokaba ni wakali. Mimi napenda hivyo. Fainali ya 2017 tofauti ilikuwa pointi 6, goli moja tu, na mpaka honi inalia hakuna aliyekuwa na uhakika. Anayetaka magoli mengi aende kikapu.

Nani asiende? Ambaye hawezi kukaa nje kwenye baridi, maana Agosti Adelaide upepo unatoka baharini unakata, na Alberton iko karibu na bandari. Na anayetaka viti vya ngozi na skrini kubwa atasononeka. Wengine wote nendeni. Kama ni mara yako ya kwanza chagua Crows na Port wakikutana, pale hata asiyejua sheria anashika moto. Kama una watoto wadogo chagua mechi ya mchana.

Kwenda Alberton ukitoka mjini panda treni ya Outer Harbor ushuke stesheni ya Alberton, unatembea kidogo tu. Norwood chukua basi linalopita The Parade, usihangaike na gari, parking ni taabu. Fika nusu saa kabla uone wanavyopasha misuli. Vaa koti hata kama asubuhi kuna jua, na mpira wa watoto usisahau, bila huo mechi ikiisha utalazimika kuazima wa watu.